Sabuni Tatu za Kwenye Tranka

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Msalato, msichana mchangamfu anayetengeneza sabuni jikoni kwao na kuziuza kwa simu, aliniletea kipande cha kujaribu. "Mama, hii ni ya asili tupu," akaniambia. "Nimeyeyusha sabuni nyeupe, nikatia asali, maziwa ya mbuzi na kivumbasha." Nikaipeleka puani. Weee! Nikakaa chini pale pale barazani, kwenye sakafu, mtu mzima na heshima zangu. Yule binti alidhani sabuni yake imenidhuru, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia siyo sabuni yako, mwanangu, ni mambo ya zamani. Lakini mpaka jioni nilikuwa sijatulia.

Haya mambo sijawahi kuyasimulia. Nimelelewa Kolo, kule Kondoa, na bibi mzaa mama. Mama alikuwa Dodoma mjini akipika kwenye mgahawa, na mimi nilikuwa namwona sikukuu kwa sikukuu, akija na viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo, kwa sababu alikuwa ananikumbuka kwa miguu ya mwaka uliopita. Kisha akaugua kifua. Akalazwa. Sikukuu moja ikapita hajaja, na ya pili nayo ikapita.

Bibi hakuiamini sabuni ya dukani. Alisema ni sabuni ya watu wenye haraka, na kabla haijagusa ngozi ya mtu wake lazima kwanza itiwe adabu. Hata vile vipande vya mwisho, vyembamba, vinavyomponyoka mtu mkononi, hakutupa. Alivikusanya kwenye kopo la maziwa, na kopo likijaa tulikaa jikoni mimi na yeye, tukavikata vyembamba kwa kisu, tukavitia kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Moto mdogo. Mwiko unazungushwa polepole, upande mmoja tu, maana ukiharakisha sabuni inajaa povu ndani na ikikauka inakuwa na matundu. Maziwa ya mbuzi kidogo kidogo, majani ya kivumbasha yaliyotwangwa, na asali mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshashuka motoni, isiungue. Tulimimina kwenye vibuyu vilivyokatwa katikati na kupakwa mafuta ya alizeti. Mimi nilipofika darasa la tatu nilikuwa naiweza kazi yote hiyo peke yangu, na nilikuwa najisifu mpaka Bibi akanikanya. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita hivyo kwa utani, "ukiolewa na mdomo huo utarudishwa siku hiyohiyo."

Siku moja Mjomba Idi, kaka yake Mama, alikuja kutoka Dodoma bila taarifa. Nilimwamkia, shikamoo Mjomba, akaitikia marahaba bila hata kunitazama, akaingia ndani na Bibi. Nikasikia maneno machache tu mlangoni. "Wamesema tumchukue nyumbani." Bibi hakuuliza lingine. Aliguna tu, mguno mmoja, kisha akatoka nje akasimama akiangalia vilima mpaka Mjomba akamaliza chai yake akaondoka kurudi mjini.

Mimi nilifurahi, jamani! Nilirukaruka uani. Mama anarudi! Nikamuuliza Bibi, "Bibi, Mama amepona?" Akanijibu, "Nenda kafunge mbuzi." Nikaenda nikafunga mbuzi nikiimba.

Siku zilizofuata nyumba ilibadilika. Wanawake wa jirani walikuja mmoja mmoja, wakanong'ona na Bibi, nikiingia wananyamaza. Bibi alilia mara mbili, nikamwona. Alisafiri peke yake mpaka Kondoa mjini, akarudi na mfuko ambao hakuniruhusu kuubeba, yeye ambaye hata kiberiti alikuwa akinibebesha. Chumba cha Mama kikapakwa udongo upya. Sasa wewe ungekuwa na miaka tisa, na mwezi uliopita tu ungekuwa umetoka kushuhudia harusi ya binti wa nyumba ya tatu, ungefikiri nini?

Jibu nilipewa na tranka. Bibi alikuwa na tranka la bati chini ya kitanda, na ufunguo wake aliufunga kwenye ncha ya khanga. Jioni moja upepo wa Kolo ulivuma baridi, akanipa ule ufunguo akiwa anasonga ugali. "Kachukue blanketi, liko juu. Juu tu. Usichimbe."

Nilichimba. Chini ya blanketi kulikuwa na kitambaa cheupe, kipya, kirefu, hakijashonwa. Bunda la pamba. Kichupa cha manukato. Kikaratasi chenye vijipande vyeupe vyenye harufu kali ya kupanda puani. Na sabuni tatu, za bei, kila moja kwenye karatasi yake.

Najua wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Watoto wa kwetu hawasogezwi mazikoni, wanabaki kwa majirani wakichezeshwa, na kile kinachopita kwa mbali mabegani mwa wanaume kimefunikwa, huoni kitu. Lakini sanduku la bibi harusi nilikuwa nimeliona wazi! Lile la binti wa nyumba ya tatu lilifunguliwa uwanjani, kila kitu kikinyanyuliwa juu kwa vigelegele: kitambaa cheupe, manukato, sabuni. Nikafunga tranka na siri niliyoigundua moyoni. Mama anaolewa! Ndiyo maana wananong'ona, ndiyo maana chumba kimepakwa, ndiyo maana Bibi analia, si mama yake bibi harusi alilia vilevile?

Na zile sabuni nikazificha ndani ya gauni langu. Siyo wizi, nakuapia. Ni kwamba nilishangaa sana Bibi kusahau: mtu wake anaolewa, na anampa sabuni ya dukani ambayo haijatiwa adabu? Nikasema, Bibi amezidiwa na shughuli. Hii kazi ni yangu.

Kesho yake Bibi alipokwenda shambani niliifanya. Sijawahi kutengeneza sabuni kwa uangalifu ule, wala sitawahi. Nilikata nyembamba mpaka kidole kikaota lengelenge. Nilitia asali ya kutosha, nilichuja kivumbasha kwa kitambaa mara mbili ili sabuni isikwaruze, nikamimina kwenye vibuyu vinne. Zilipokauka zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, laini, zinanukia nyumba nzima. Bibi akanusa hewa akauliza, nikamwambia nimeyeyusha vile vya kwenye kopo. Akanisifu! Mpaka leo nikikumbuka sifa ile nasikia aibu.

Mama akaja. Mjomba alikodi gari, akamshusha mlangoni akiwa amemshika mkono. Loh! Nilisimama nikasahau hata kumwamkia. Shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa, khanga imemzunguka mara mbili. Yeye ndiye aliyesema, "Rehema, huniamkii?" Nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akakohoa. Nilijiambia kwamba mabibi harusi wengine hujinyima chakula. Kwa kweli nilijiambia hivyo.

Siku ya nne baada ya Mama kufika, Bibi alikwenda kisimani, akaniacha na Mama. Alikuwa amekaa kitandani, ameshameza vidonge vyake, vinne, vikubwa, alivyokuwa anavimeza kila asubuhi bila kukosa. Akasema, "Leo nina nguvu kidogo. Natamani kuoga vizuri, nijisugue mwenyewe. Kuna sabuni?"

Kuna sabuni! Nilikimbia. Nilizileta zote nne juu ya sinia, nimezifunika kitambaa, nikapiga na kigelegele kidogo. Mama akacheka. Akaichukua moja akainusa, akafumba macho. "Umetengeneza wewe?"

"Mimi mwenyewe. Ni za harusi yako."

"Harusi gani tena?"

"Usinifiche, Mama, mimi nimeshajua. Nimeona sanduku lako. Bibi amekununulia kitambaa cheupe, kirefu hivi, na manukato, na pamba nyingi. Na sabuni tatu, ndizo hizi, nimezitia adabu."

 Mama alibaki ameishika ile sabuni. Kisha akaniambia polepole, "Kanionyeshe hicho kitambaa."

Siku ile ufunguo Bibi alikuwa ameuacha juu ya dirisha. Nikaenda, nikafungua, nikarudi nimekikumbatia, nikamwekea mapajani. Alikipapasa. Alikifungua kunjo moja, akatazama upana wake. Niliendelea kuropoka, sijui nani atashona, sijui mimi nitavaa nini, mpaka nilipomtazama usoni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiishiwa nuru hivyo.

"Mwanangu," akasema, "hii siyo nguo ya harusi. Hii ni sanda. Ni ya kunizikia mimi."

Nilirudi nyuma, nikaliangusha lile sinia nililokuwa nimeliweka kando ya kitanda. Sikumbuki lilivyolia, nakumbuka tu sabuni moja ilivyoteleza mpaka chini ya kitanda, na mimi nikiwa nimesimama siwezi kuinama kuichukua.  

Bibi alitukuta hivyo, ndoo ingali kichwani. Aliona kitambaa kwanza. Akaitua ndoo, akakaa chini kizingitini.

"Mama," Mama akasema, "yaani umeninunulia sanda, na mimi napumua? Umenichuria mimi, mwanao wa kumzaa?"

"Zaina..."

"Nani alikwambia nakufa? Daktari? Mimi daktari aliniambia dawa zinafanya kazi, niende nyumbani nikapumzike, nimalizie dozi huko. Au Idi alikwambia jingine wewe, mimi nikafichwa?"

Bibi alifunika uso kwa khanga. Hakuwa ameambiwa jingine. Hilo ndilo lililonishtua zaidi nilipolielewa ukubwani: hakuna aliyemdanganya. Yeye alisikia "wamesema tumchukue nyumbani," basi, akamaliza mwenyewe. Kwa maisha yake yote kila mtu aliyemjua aliyetolewa hospitali hajapona alikuwa ametolewa ili akafie kwao. Hakuona sababu ya kuuliza. Mimi niliona kitambaa cheupe nikaona harusi, yeye alisikia neno nyumbani akaona kaburi, na wote wawili tulikwenda kufanya maandalizi.

"Nilimzika Juma na shuka la maua," Bibi akasema kutoka ndani ya khanga. "La kuazima. Wewe ulikuwepo."

Juma alikuwa mdogo wao Mama na Mjomba Idi. Alifariki masika, mito imejaa, njia ya Kondoa imekatika, na Kolo nzima hakukuwa na kitambaa cheupe. Jirani akatoa shuka lake la kitandani, lina maua mekundu. Bibi alikuwa hajawahi kulizungumza mbele yangu. Siku ile alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi, akisema kwamba hayo maua anayaona kila akifumba macho, na kwamba alijiapia hatamzika mtoto mwingine hivyo, hata ikibidi kujiandaa mapema.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukutani. "Basi sawa," akasema. "Kama mama yangu ameshaona, mimi nabishana na nani?"

Kuanzia kesho yake hakumeza dawa. Astaghfirullah! Vidonge vililala juu ya kigoda, vinne, na asubuhi iliyofuata Bibi akaongeza vinne, vikawa vinane. Uji ulipoa. Alikunywa maji tu. Bibi alibembeleza, alikaripia, alimwita Mjomba Idi kutoka Dodoma, Mjomba akaapa kwamba daktari alisema anaendelea vizuri, Mama akamjibu akiwa ameelekea ukutani, "Kamwambie mama yako, siyo mimi." Na kikohozi kilichokuwa kimepungua kikaanza kurudi.

Mimi nilikuwa najua nani amemuua. Nilikuwa nasema hivyo hivyo moyoni: nimemuua Mama. Kama ningekaa kimya, kama nisingechimba! Niliziokota zile sabuni, hata ya chini ya kitanda, nikazitumbukiza zote kwenye shimo la choo. Nilinawa mikono kwa majivu siku nzima na harufu ya asali haikutoka. Bibi alinikuta nyuma ya choo, akaniuliza nalia nini, nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia ya harusi. Alinisikiliza amekaa juu ya kuni, mdomo wazi.

"Ulidhani anaolewa," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na ukamtengenezea sabuni."

"Ndiyo, Bibi."

 Bibi akasimama, akajipangusa, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa chote amekikunja kwapani. "Twende," akaniambia. Nikamfuata bila kuuliza, mpaka barabarani, kwa fundi cherehani.

Fundi alikuwa mzee wa heshima, aliyekuwa akisali msikiti mmoja na Mjomba kabla Mjomba hajahamia mjini. Alikunjua kitambaa, akakishika kwa vidole viwili, akamtazama Bibi, akakitazama tena. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hiki si..."

"Mshonee huyu mashati ya shule. Mawili. Kinachobaki foronya na pazia. Usirudishe hata kipande cha kufungia kidole."

"Mama, lakini..."

"Shona."

Akanipima mabega.  Nilitaka kukimbia. Kuvaa kile kitu! Lakini Bibi alikuwa amenishika mkono, na mkono wake haukuwa na masihara.

Jumapili alasiri, Mama akiwa amechukuliwa nje kuota jua, Bibi alibadilisha foronya ya mto wake, akatundika pazia. Mama aliporudishwa ndani alilala bila kutazama kitu. Na Jumatatu asubuhi Bibi alinivisha shati, jeupe kuliko shati lolote nililowahi kuvaa, jepesi mno, nikasikia linanigusa kila mahali. Nilibana mikono kwapani nisiliguse. Akanipeleka mpaka kitandani kwa Mama. Vidonge kwenye kigoda vilikuwa vimefika ishirini.

"Zaina, geuka."

Hakugeuka.

"Geuka umwone mwanao anakwenda shule."

Mama akageuka. Alinitazama, akajaribu kutabasamu. "Shati zuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo ile," Bibi akasema.

Ilichukua muda kumwingia. Nilimwona akilitazama shati, kola, mikono, kisha akamtazama mama yake, na akanyanyuka kwa kiwiko, yeye ambaye siku tano alikuwa hajanyanyuka mwenyewe. "Mama! Umemvisha mtoto sanda yangu?"

"Nimemvisha. Nyingine umeilalia hapo kwenye mto. Nyingine ile dirishani."

Mama aliutupa ule mto, ukaangukia mlangoni. Bibi hakusogea hata hatua.

"Sasa nisikilize," akasema. "Sina kitambaa. Sina sabuni, mtoto katumbukiza chooni. Pamba nimempa mkunga. Nyumba hii haina kitu cha kukuzikia, na unajua kwamba mimi siwezi tena lile shuka la maua, siwezi, nitakufa nimesimama. Ukifa leo utanivua nguo mbele ya Kolo nzima. Kwa hiyo hufi, Zaina. Nimekukataza."

Mama alimkodolea macho. Nilidhani atamtukana mama yake mzazi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, kumbe anacheka, kicheko cha kukohoa, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. "Mama," akasema, "wewe una roho ngumu."

"Ninayo. Kunywa dawa."

Alikunywa. Vya siku hiyo tu, vinne, kimoja kimoja, Bibi amemshikia kikombe. Ilimchukua miezi mingi kupona, na sasa anaishi kwangu hapa Msalato na kila siku anagombana na kuku wangu, lakini asubuhi ile hakuna kati yetu aliyekuwa na hakika na lolote. Alipomaliza kidonge cha mwisho aliniita nisogee. Kifungo cha juu kilikuwa wazi. Akaanza kunifunga, kinamponyoka, anaanza upya, na Bibi alipotaka kumsaidia akamsukuma mkono. Sikuthubutu kupumua mpaka alipokiingiza. Nikachelewa namba, ile ya kuhesabiwa asubuhi shuleni, mwalimu wa zamu akanichapa viboko viwili akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema Mama alikuwa ananivisha, na sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote nilichokuwa nimevaa.